Tuzo ya amani mtandaoni: Kabla ya kupendekeza jina, uliza alifanya nini

Desemba 5, 2025, droo ya Kombe la Dunia ikiendelea mjini Washington, rais wa FIFA Gianni Infantino alimwita jukwaani Rais wa Marekani Donald Trump akamkabidhi kombe la rangi ya dhahabu, medali na cheti. Ilikuwa tuzo mpya kabisa ya amani ya shirikisho hilo la soka, iliyotangazwa mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Shirika la Human Rights Watch lilisema liliiandikia FIFA kutaka kujua nani wengine walipendekezwa, majaji ni akina nani na vigezo ni vipi. Halikujibiwa.

Ni rahisi kucheka. Mitandaoni watu walicheka sana tu. Lakini hebu tujiangalie na sisi. Makundi yetu ya Facebook, WhatsApp na Telegram, yale ya wanafunzi, ya wakazi wa mtaa, ya kaunti na ya mashabiki, yanapotoa tuzo zake za mwaka huendesha mambo vivyo hivyo. Msimamizi wa kundi anaposti: "Pendekezeni mpenda amani wetu wa mwaka." Kufikia jioni majina yamejaa pomoni. Diwani yumo. Mchekeshaji yumo. Mhubiri mwenye wafuasi wengi yumo, na kijana anayewania kiti naye hajasahaulika, kwa kuwa binamu zake wote wako kwenye kundi. Hakuna anayesema mtu huyo alifanya nini, wapi, lini. Siku ya tatu majina yamepunguzwa hadi kumi na wewe mwanachama hujui aliyepunguza ni nani. Siku ya nne ni kura za laiki.

Sasa, mtu anaweza kuniambia hii ni michezo ya vijana tu, waache wafurahie. Sawa, tuzo ya mwenye stika kali zaidi ni mchezo. Ya amani ni kitu kingine kabisa. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na katika nchi hii mtu akishapakwa jina la "balozi wa amani" hulitumia: kwenye mabango, kwenye mikutano, kwenye ofisi anakoomba ufadhili. Tunaweza kumpa mchochezi cheti cha kujisafishia jina na tusigundue.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Kiswahili cha vyombo vyetu vya habari husema mtu "ameteuliwa" kuwania tuzo. Neno hilohilo ndilo tunalotumia Rais anapomteua waziri, na waziri aliyeteuliwa tunamhesabu kuwa ameshapata. Kwa hivyo skrinishoti ikizunguka yenye maneno "Mheshimiwa ateuliwa kwa tuzo ya amani", shangazi yako kule nyumbani anaelewa kwamba Mheshimiwa amechujwa, amepimwa na ameshinda. Kumbe ni mtu mmoja tu alijaza fomu. Mimi nitasema "amependekezwa". Halina mbwembwe, lakini halidanganyi.

Na kupendekezwa, peke yake, hakumaanishi mengi. Chukua Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwaka wa 2025 ilikuwa na majina 338 yaliyopendekezwa, 244 ya watu na 94 ya mashirika, na aliyeibuka mshindi ni María Corina Machado wa Venezuela. Katika historia ya tuzo hiyo Benito Mussolini aliwahi kupendekezwa, mwaka wa 1935. Stalin alipendekezwa mara mbili. Hata Adolf Hitler alipendekezwa mwaka wa 1939, na mbunge mmoja wa Uswidi aliyefanya hivyo kwa kejeli kisha akaliondoa jina. Mahatma Gandhi naye alipendekezwa katika miaka mitano tofauti na hakuipata kamwe. Ukiona mtu anajigamba kwamba yeye ni "mteule wa Nobel", kumbuka amekaa kwenye benchi moja na nani.

Wengi pia hawajui ni nani hasa mwenye ruhusa ya kupendekeza. Si kila mtu. Kanuni za Nobel zinataja wabunge na mawaziri wa nchi zote, maprofesa wa historia, sayansi za jamii, sheria, falsafa na dini, waliowahi kushinda, na wengineo wachache. Maana yake ni kwamba kila mmoja wa wabunge wetu 349 na maseneta 67 anaweza kumwandikia barua Kamati ya Nobel. Profesa wa sheria pale chuoni kwenu pia. Mtu hawezi kujipendekeza mwenyewe. Mwisho wa kupokea majina ni Januari 31, ndiyo maana barua ambayo Benjamin Netanyahu alimkabidhi Trump mbele ya kamera Julai 2025 ilikuwa imechelewa kwa tuzo ya mwaka huo. Na kamati hufunga faili hizo kwa miaka 50. Kelele zote unazosikia kuhusu fulani kupendekezwa hutoka kwa waliopendekeza au kwa wapambe wao, kamati yenyewe haitaji majina.

Sitaki kusema tuige Oslo kwa kila kitu. Watu watano waliochaguliwa na bunge la Norway nao wamekosea, tena vibaya, nitalifikia hilo. Ila kuna jambo moja ambalo kundi la mtandaoni linaweza kuliazima bila kulipia hata bando: anayependekeza ana jina, na ana sababu alizoziandika. Akiulizwa kesho "kwa nini huyu?", yuko pale ajibu. Kwenye makundi yetu pendekezo ni jina tupu na emoji tatu za moto. Ningekuwa msimamizi ningekataa jina lolote lisilo na sentensi nne: alifanya nini, mahali gani, mwaka gani, na ni nani mwingine aliyeona.

Jaribu sentensi hizo nne kwa mtu halisi uone zinavyofanya kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilikuwa zikiuana. Ukame ulikuwa umekausha mifugo, bunduki zilikuwa tele kutoka nchi jirani zilizokuwa zikisambaratika, na vita viliingia hadi sokoni, mahali ambapo mwanamke wa ukoo huu alianza kukataa kumuuzia wa ukoo ule. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walizungumza harusini wakaona hawawezi kuendelea kukaa tu. Walianza na lililokuwa mikononi mwao: soko. Waliweka watu wao pale kuhakikisha kila mwanamke ananunua na kuuza bila kuulizwa ukoo. Mzozo ukizuka wanausuluhisha palepale, hausubiri wanaume wachukue silaha. Kutoka hapo wakawaendea wazee, wazee wakawaingiza vijana, serikali ikavutwa mezani, na mwaka wa 1995 ikaundwa kamati ya amani na maendeleo ya Wajir. Mfano huo ndio uliokuja kuigwa na kamati za amani za wilaya sehemu nyingine za nchi. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007. Miezi michache baadaye, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kundi la Raia Wanaojali Amani jijini Nairobi, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo. Alifariki mwaka wa 2011.

Angalia: nini, wapi, lini, nani aliona. Yote yapo. Soko la Wajir lina mashahidi mamia. Linganisha na yule mwanamuziki aliyeimba wimbo mmoja wa "tupendane" kwa hela za kampeni.

Lakini hata hapo kuna mtego. Dekha hakuwa peke yake, na yeye mwenyewe hakuwahi kusimulia kana kwamba alikuwa peke yake. Tuzo za mtandaoni hupenda uso mmoja, kwa sababu bango lina nafasi ya picha moja. Amani mara nyingi haina uso mmoja. Desemba 2015, karibu na El Wak, Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, na wanawake wengine waliwapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kifo chake, na alistahili. Je, ungekuwa unapendekeza, ungeandika nani? Salah peke yake, au basi zima? Mimi ningeandika basi zima na kumtaja Salah ndani yake. Nobel yenyewe huruhusu makundi: mwaka wa 2015 ilikwenda kwa mashirika manne ya Tunisia yaliyosimamia mazungumzo ya kitaifa. Sioni kwa nini kundi la WhatsApp liwe na kanuni ngumu kuliko Oslo.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi vijana. Amani ni nini hasa katika masikio ya Mkenya?

Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, neno amani lilibadilika. Kufikia uchaguzi wa 2013 lilikuwa limeanza kumaanisha "kubali yaishe". Ukiuliza kuhusu kura, unavuruga amani. Ukiuliza kuhusu ardhi, unafukua makaburi. Kuna hofu ya kweli nyuma ya hilo, na aliyelala kanisani mjini Eldoret mwaka wa 2008 na watoto wake hawezi kuchekwa kwa kuogopa. Lakini hofu hiyo imewafaa sana wenye mamlaka. Kila maandamano yakiitishwa, utaona orodha ya "mabalozi wa amani" ikitokea ghafla kuwaambia vijana wabaki nyumbani, na siku polisi wanapofyatua risasi mabalozi haohao hawana simu.

Hapo ndipo pendekezo la kizembe linapokuwa hatari. Tukipima amani kwa utulivu, tutampa tuzo kila aliyenyamaza. Tukumbuke Profesa Wangari Maathai. Machi 1992 alikuwa Uhuru Park na akina mama waliokuwa wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Polisi waliwapiga, naye akazirai. Kama kungekuwa na kundi la mtandaoni mwaka huo likitafuta mpenda amani wa mwaka, nani angethubutu kuandika jina lake? Serikali ilikuwa ikimwita mvurugaji. Magazeti mengi yalikuwa yakimwandika kwa tahadhari. Pengine tuzo ingemwendea kiongozi fulani wa chama aliyehimiza umoja na utulivu, ambaye leo hakuna anayemkumbuka. Miaka 12 baadaye, Oktoba 2004, Nobel ilimtangaza, na hata wakati huo walikuwepo waliouliza miti inahusiana vipi na amani. Anayeuliza hivyo hajaona watu wakiuana kwa ajili ya kisima.

Kwa hivyo ukipendekeza mtu kutokana na maandamano ya Juni 2024, usiogope kwamba ni "siasa". Daktari aliyefunga vidonda barabarani, wakili aliyezunguka vituo vya polisi usiku akitafuta vijana waliokamatwa, wote hao walipunguza madhara. Hicho ni kipimo kizuri kuliko utulivu: baada ya alichofanya, je, watu wachache zaidi waliumia? Swali hilohilo linamwondoa kwenye orodha kijana mwenye wafuasi lukuki aliyetumia jukwaa lake kusambaza namba za simu za watu ili watukanwe, hata kama upande wake tunaupenda. Najua hapa nitatofautiana na marafiki. Hasira ilikuwa na haki yake. Bado kuna tofauti kati ya kumwajibisha kiongozi na kuwasha moto chini ya nyumba ya mama yake.

Na kwa kuwa tuzo ni ya mtandaoni, ajabu ni kwamba wanaolinda amani ya mtandaoni kwenyewe hawapendekezwi kamwe. Januari 2008, taarifa za habari za moja kwa moja zikiwa zimepigwa marufuku, vijana wachache Wakenya na marafiki zao waliunda Ushahidi, jukwaa lililopokea ripoti za ghasia kwa ujumbe wa simu na kuziweka kwenye ramani. Mfumo huo ukaenda kutumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Huo ni mfano unaojulikana. Wasiojulikana ni wale waliokaa kwenye ofisi za Nairobi wakitazama video za kukatwa vichwa na kusoma matusi ya kikabila kutoka nchi nzima nzima za Afrika, wayafute kabla mimi na wewe hatujayaona. Zaidi ya 140 kati yao waligunduliwa kuwa na athari kali za kiwewe, kwa mujibu wa ripoti ya kitabibu iliyowasilishwa mahakamani Nairobi Desemba 2024. Mei 2023 wengine walikutana wakapiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi. Chama hicho kingekuwa pendekezo zuri sana.

Karibu zaidi na nyumbani yupo msimamizi wa kundi la mtaa. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilitoa orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" na "kwekwe" yakiwemo. Orodha ni orodha. Anayelifuta neno hilo saa saba usiku kwenye kundi la watu 500, halafu akampigia simu aliyeliandika badala ya kumfukuza tu, hulipwa nini? Hutukanwa. Huyo mtu yuko kwenye kundi lako na huenda humjui jina.

Kabla ya kumwandika, lakini, mwulize. Hili naona linapuuzwa kabisa. Anayepatanisha wafugaji mpakani mwa Baringo, au anayezungumza kimyakimya na wenye bunduki katika Bonde la Kerio ili warudishe ng'ombe, anaaminiwa na pande mbili kwa sababu hajulikani kuwa wa upande wowote. Weka picha yake mtandaoni na maelezo "alifichua walioiba" na umemwekea alama mgongoni. Nobel hufunga majina kwa nusu karne. Sisi tunayamwaga papo hapo, na namba ya simu juu yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, ila hata bila sheria ni adabu tu kumpigia mtu na kumwambia, "Mama, tungependa kukutaja, je, ni sawa?" Akisema hapana, ni hapana.

Pesa nitazipitia haraka kwa sababu kila mtu anajua. Kura inayolipiwa kwa M-Pesa hupima mfuko. Tuzo inayomtaka aliyependekezwa anunue meza ya hafla ni biashara ya meza. Kama kundi lako linafanya hivyo, lisitumie neno amani.

Linalohitaji kufikiriwa zaidi ni wakati. Jirani yetu Abiy Ahmed wa Ethiopia alipewa Nobel mwaka wa 2019 kwa kumaliza uhasama na Eritrea, mwaka mmoja na nusu tu baada ya kuingia madarakani. Novemba 2020 vita vilizuka Tigray, na wanajeshi wa Eritrea, wale wale waliopatana naye, wakaingia humo kupigana. Kamati ya Nobel ilibaki ikitoa taarifa za kuhuzunika, kwa kuwa kanuni zake haziruhusu kumpokonya mtu tuzo. Walimpa kwa matumaini, na matumaini hayana mashahidi kama soko la Wajir. Mtu aliye bado madarakani, au anayeyatafuta, anaweza kugeuka kesho asubuhi, na cheti chako kiko ukutani kwake.

Ndiyo maana tarehe ya kufungua dirisha la mapendekezo ina uzito kuliko wasimamizi wengi wanavyodhani. Ukilifungua Juni au Julai 2027, jua utaletewa wagombea na wapiga debe wao. Hutaweza kuwazuia, watakuwa wamejaa ndani ya kundi. Lifungue Novemba. Wakati huo matokeo yatakuwa yametangazwa, kesi za urais zitakuwa zimeamuliwa kama zitakuwepo, na itakuwa imejulikana ni nani mtaani alimficha jirani wa kabila jingine na ni nani aliyemwonyesha mlango. Mpe kila anayependekeza wiki tatu za kuandika sentensi zake nne. Wale wa kampeni hawatarudi.